Joto Ndani ya Gunia

Wanawake wa kikundi walimwita Bi Ungo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekaa bila ungo mapajani. Hata akizungumza na mgeni, hata akisubiri chai ichemke, vidole vyake vilikuwa kwenye pilipili, vikiondoa iliyochubuka, vikiirusha juu kidogo ile iliyokauka ili asikie mbegu zikigonga ndani. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, wa sauti ya chini, wa kusali kabla ya kushika kazi na kusali tena akishaiweka. Pilipili zilikuwa zimemwingia mpaka kwenye ngozi. Wajukuu walijua kwamba bibi habebi mtoto kabla hajaosha mikono kwa majivu na kuipaka mafuta. Mumewe naye alipenda kuwaambia wageni kwamba tangu aoe amepapaswa shavu mara moja tu, na siku hiyo alitokwa machozi mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki.

Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe. Aliolewa akiwa hajui lolote la pilipili zaidi ya kuila, na yule mama, Mungu amrehemu, akamkalisha kitako pamoja na binti yake wa kumzaa, wakajifunza wote wawili kwenye mkeka mmoja. Huyo binti ndiye wifi yake. Wifi alikuwa mwepesi wa maneno na mzito wa mikono, Bi Ungo kinyume chake, na ndiyo maana kikundi cha wanawake kilipoundwa wifi akawa Mwenyekiti, na Bi Ungo akapewa banda la kukaushia. Walitaniana kutwa nzima kama mawifi wanavyotaniana. Mwenyekiti alisema kaka yake alidanganywa akaoa ungo, na Bi Ungo alijibu kwamba bora ungo, unajua kutenganisha pumba.

Mama mkwe aliwaachia jambo moja ambalo hakuna kikundi kingine kilichokuwa nalo. Waliliita kutuliza. Pilipili ikikauka sawasawa huwa kama jani la mwaka jana, ukiishika vibaya inapasuka, na ukiishindilia guniani unabaki na mbegu na vumbi. Kwa hiyo kabla ya kufunga, unachovya vidole kwenye bakuli la maji, unanyunyiza kama mtu anayenyunyiza nguo ya kupiga pasi, unafunika kwa magunia na kuziacha zilale. Asubuhi zimelainika, zinakubali kukunjwa, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Kwao kule hakukuwa kutia maji. Kutia maji ulikuwa wizi, na walimjua mwanamke aliyefukuzwa sokoni kwa wizi huo. Kutuliza kulikuwa mkono wa mwisho wa mtu anayejua kazi, kama kumchana mtoto nywele baada ya kumwogesha. Na pilipili za sokoni hazikukaa. Zilinunuliwa, zikaliwa, zikaisha.

Kisha akaja Wakala. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limechomekewa hata siku ya jua kali, na kazi yake ilikuwa kupeleka mazao ya watu ng'ambo. Alikuwa ametuma sampuli ya pilipili zao kwenye mfuko mdogo, na sasa alileta jibu: mnunuzi wa huko amezipenda, anataka kontena zima, na zikifika salama atataka tena na tena. Ila ziwe nzima, zenye vikonyo vyake, zisiwe na vipande. Na ziwe kavu. Hilo la ukavu alilirudia mpaka Mwenyekiti akamwambia wamesikia, wao si viziwi.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya habari ile. Kwa miaka yote mzigo mkubwa walikuwa wakimuuzia dalali mmoja aliyekuja wakati pilipili ni nyingi, akakaa juu ya boneti ya gari lake akitafuna kijiti, akisubiri jua lishuke na wao waanze kumbembeleza. Sasa walikuwa wamepata soko ambalo halikai juu ya boneti. Wanawake wakang'oa maharage yao wakapanda pilipili. Mmoja aling'oa hata mboga za mlangoni.

Zilipoiva na kuchumwa, kwa majuma walikausha. Bi Ungo alizigeuza kwenye vichanja asubuhi na adhuhuri, akazifunika kila wingu lilipopita. Wakala akaja na mashine yake ndogo yenye sindano, akaichomeka kwenye kila rundo, na Mwenyekiti akamuuliza kama ile sindano inaweza pia kumwambia nani hapa ana mimba. Wakacheka. Wakala akasema zimekauka vizuri sana, akaenda kutafuta lori.

Siku ya kuanza kufunga, pilipili za kwanza zilipoingia guniani zikasikika zikivunjika, kra, kra, kama mtu anakanyaga maganda ya mayai. Mwenyekiti akasimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni. Akasema zifungwe kesho, na leo wifi yake azitulize. Bi Ungo akachukua bakuli. Alinyunyiza kwa heshima, rundo baada ya rundo, midomo ikimchezacheza kwa sala, akimwomba Mungu awafikishe salama wote watakaozigusa njiani. Kesho yake magunia yalijazwa, kila moja likiwa na mfuko wa nailoni ndani yake kama mnunuzi alivyoagiza, na midomo ikashonwa. Hakuna aliyemwambia Wakala habari ya bakuli, na hakuna aliyemficha. Nani humwambia mgeni kwamba ameosha vyombo?

Kontena likafungwa kwa kufuli la bati, lori likaondoka. Gunia moja lilikosa nafasi, likabaki ghalani juu ya mbao.

Ghala lile lilikuwa na paka aliyewekwa kwa ajili ya panya. Kawaida yake alilala kizingitini, penye jua. Siku zile akahamia juu ya gunia lililobaki. Walimfukuza akarudi. Mwenyekiti akasema sasa hata paka ameajiriwa kulinda mali ya ng'ambo, na wote wakapita wakimpigia saluti. Bi Ungo naye alicheka. Alipokuja kufagia alimwondoa yule paka, akaegemeza mkono pale alipolala, akakuta pana joto, akaona ni joto la mnyama. Halafu ufagio ukamponyoka. Alipoinama kuuokota bega lake likagusa gunia chini kabisa, mbali na paka, na huko pia palikuwa na joto.

Akafumua uzi wa gunia taratibu, akafungua nailoni, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ndani mlikuwa na joto la mtoto mwenye homa. Harufu iliyotoka haikuwa ya pilipili. Ilikuwa harufu ya nguo mbichi zilizosahaulika kwenye beseni, na chini ya harufu hiyo kitu kingine kitamutamu, kisichopendeza. Akatoa pilipili moja akaitazama mlangoni. Nje ilikuwa nyekundu, nzuri, inang'aa. Akaivunja. Ndani mlikuwa na ukungu wa kijivu kama manyoya, mbegu zimeshikana, nyeusi. Akavunja nyingine. Akavunja nyingine tena. Zote kwa nje zilikuwa kama bibi harusi.

Paka alikuwa ameshapanda tena juu ya gunia, amejikunja, amefumba macho.

Bi Ungo hakulifikiria gunia lile hata kidogo. Alilifikiria lile sanduku la chuma lililopangwa magunia mpaka darini, limefungwa, liko juu ya maji jua likiliwakia kutwa, na mle ndani giza na joto likipanda, gunia likilipasha gunia. Alikuwa amezituliza kwa vidole vyake mwenyewe, rundo kwa rundo, akisali.

Akaenda kwa wifi yake. Alimkuta sebuleni amenyoosha miguu, anashona pindo la pazia, redio imewashwa. Bi Ungo akaizima redio kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ya mtu, na Mwenyekiti akamwangalia. Akamweleza. Akamwekea mbele yake pilipili iliyovunjika, juu ya kitambaa.

Mwenyekiti hakuigusa. Alisema gunia lile limekaa vibaya, labda paa linavuja, labda paka amelikojolea. Bi Ungo akasema halikukaa vibaya, limekaa juu ya mbao kama mengine yalivyokaa.

"Wifi, tulizituliza zote," alisema.

"Mama alituliza maisha yake yote. Leo wewe umekuwa mjuzi kumpita mama?"

"Sisemi hivyo."

"Unasema hivyohivyo. Ila umelisema kwa upole, kama kawaida yako."

Kisha Mwenyekiti akashusha sauti. Akamkumbusha nani ameng'oa maharage, nani ameng'oa mboga za mlangoni, na pilipili za shehena ya pili zimeshaanikwa. Wakala akijua, atawakimbia. Mnunuzi akijua, hataki hata kusikia harufu yao. Na pengine yale mengine ni mazima, nani amekwenda kuyafungua baharini? Gunia lile lichomwe moto, mambo yaishe.

Lakini pilipili hazichomwi. Ukizichoma moshi wake utamfukuza kila mtu kutoka kila nyumba, na watakuja kukohoa mlangoni pako wakitaka kujua unachoma nini. Kwa hiyo wakalizika. Walingoja mchana, wenzao walipokwenda kula, wakachimba nyuma ya ghala, mawifi wawili, wakaliburuta wakiwa wamelishika huku na huku. Lilikuwa zito, na joto lake lilipenya kwenye nguo zao. Walipomaliza, Mwenyekiti alishindilia udongo kwa miguu, na Bi Ungo akajikuta ameinamisha kichwa kama watu wanavyofanya penye shimo la namna nyingine.

Tangu siku hiyo Bi Ungo hakulala vizuri wala kula vizuri. Mumewe alimuuliza kama anaumwa, akasema ni uchovu. Akisali, maneno yalikuwa yakimtoka kama zamani mpaka afikie pale pa kuomba riziki, hapo ulimi ukasita, akanyamaza, akainuka bila kumaliza. Paka alirudi kizingitini. Kila alipomwona amelala juani, alimshukuru Mungu, kisha akamwonea haya Mungu.

Wakala alikuwa akija mara kwa mara na habari njema, na kila habari njema ilimpunguza Bi Ungo nyama mwilini. Meli inakwenda salama. Meli imepita mahali pagumu salama. Mnunuzi ameuliza shehena ya pili itakuwa tayari lini. Alikuwa na furaha, amenyoa vizuri, na siku moja aliwaletea soda. Bi Ungo akamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, watu wa huko wanazifanyia nini pilipili zote zile.

Wakala akasema wanazisaga. Zinakuwa unga, na unga ule unatiwa kwenye vyakula vya makopo, soseji, supu za pakiti, vitu vinavyouzwa kila duka.

"Hata watoto wanakula?" Bi Ungo aliuliza.

"Watoto, wazee, wagonjwa. Nani hali, mama?"

"Na kabla ya kusaga hawazifungui wakaangalia?"

Akasema wana mitambo yao, lakini nao ni watu, wana kazi nyingi. Wanachota kidogo kwenye magunia machache, wakiridhika na walichochota, basi, mengine yanapita. Wasiwe na wasiwasi. Pilipili nzuri namna ile, mtu akiitazama tu ameridhika.

Mwenyekiti, aliyekuwa amekaa upande wa pili, alimtazama wifi yake juu ya chupa ya soda. Uso wake ulikuwa umefunguka. Yatapita, uso ulisema. Na hapo ndipo Bi Ungo alipojua kinachomtisha. Siku zote alidhani anaogopa wasije wakagunduliwa. Sasa aliona kwamba anaogopa wasigunduliwe. Unga mwekundu, umeenea kila duka, na hakuna mtu duniani anayejua ulivyokuwa kabla ya kusagwa, isipokuwa yeye na wifi yake na Mungu.

Hata hivyo hakusema. Soda ilikuwa mkononi, na wanawake wenzake walikuwa wakicheka na Wakala, na yule aliyeng'oa mboga za mlangoni alikuwa akimwuliza kama watu wa huko wanapenda pia tangawizi. Akanywa ile soda yote.

Shehena ya pili ikakauka. Safari hii Wakala alisema atakuwepo mwenyewe kwenye kufunga, lori limepatikana mapema. Akaja na mashine yake, akapima, akatabasamu, akatoka nje kupiga simu. Ndani ya banda wanawake walikuwa wamezunguka marundo. Mmoja akashika pilipili kiganjani akazikunja, kra. Mwenyekiti akaenda kwenye pipa, akachota maji kwa bakuli, akaja nalo mpaka mbele ya Bi Ungo.

"Haya wifi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, ambayo hakuwa nayo kwa kawaida. "Leta hivyo vidole."

Bi Ungo akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Akageuka, akatoka nalo nje juani, akaliweka chini mbele ya viatu vya Wakala, akasubiri amalize simu.

"Bwana Wakala," alisema. "Haya maji ndiyo tuliyonyunyizia zile ulizopeleka."

Wakala alicheka kwanza, akidhani ni utani wa akina mama. Akauliza maji gani. Bi Ungo akamweleza tangu mwanzo, kwa sauti yake ileile ya chini, kutuliza ni nini, wanafanya lini, na kwamba mashine yake ilipima kabla. Hakumtaja wifi. Alisema nilinyunyiza. Kisha akaenda kuchukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta, akamwambia amfuate nyuma ya ghala.

Hakuchimba sana. Harufu iliwafikia kabla ya gunia kuonekana. Wakala akachuchumaa, akavunja pilipili moja, akaitazama, akavunja ya pili, kisha akakaa chini kwenye udongo na suruali yake iliyopigwa pasi. Akauliza kama ni zote. Bi Ungo akasema ni zote. Wakala akasema meli imeshatia nanga, huenda wanashusha sasa hivi, na jina lililoandikwa kwenye mzigo ule ni lake. Alikuwa kama anajisemesha. Akainuka, akaenda kusimama barabarani peke yake na simu sikioni, na walimwona akizungumza kwa muda mrefu, mkono mmoja juu ya kichwa.

Wanawake walikuwa wametoka wote, wamesimama ukutani. Yule wa mboga za mlangoni aliuliza tu, polepole, sasa watakula nini. Mwenyekiti alilipita shimo, akampita Bi Ungo kwa karibu mpaka nguo zao zikagusana.

"Umetuzika, wifi," alisema, akaenda zake.

Jibu lilikuja kupitia Wakala, ambaye hakuja mwenyewe, alituma ujumbe. Mzigo umezuiwa palepale ulipotua. Magunia ya juu yalikuwa mazuri kwa macho, yangepita. Ya katikati yalikuwa yameoza kwa ukungu, na ukungu ule, wanasema, humla mtu ini polepole. Yote yatateketezwa hukohuko, kwenye tanuri zao. Mnunuzi ameshukuru kwa kuambiwa mapema, na atatafuta pilipili mahali pengine.

Shehena ya pili ikabaki bandani, kavu, haina pa kwenda. Kikundi hakikuvunjika kwa maneno. Watu waliacha tu kuja. Asubuhi Bi Ungo alikwenda peke yake, akazigeuza, akazifunika, akarudi. Wakikutana njiani na wifi yake, Mwenyekiti alikuwa anaona kitu cha maana upande wa pili wa barabara. Mume wa Bi Ungo, ambaye alikuwa katikati ya mke na dada, aliacha mizaha yake. Bi Ungo alirudi kusali mpaka mwisho, ulimi haukusita tena, na alidhani kwamba hiyo ndiyo amani aliyobakishiwa.

Mchana mmoja alikuwa jikoni anapika chakula cha wajukuu, wifi akaingia. Hakubisha hodi wala hakusalimu. Alivuta kigoda akakaa, akakunja nguo yake magotini. Alikuwa amekonda.

"Nimekuwa nikifikiri," Mwenyekiti alisema. "Zile za sokoni. Za siku zote, tangu enzi za mama. Zilizokuwa zinabaki chini ya gunia zikakosa mnunuzi. Zikakaa."

Bi Ungo akaacha kukoroga.

"Tulikuwa tunazifanya nini, wifi?"

Alikuwa anajua, kama Bi Ungo alivyojua. Nzuri zilikuwa za kuuza. Zilizobaki zililetwa nyumbani, zikatwangwa, zikatiwa kwenye kopo. Katika nyumba hii na ile, na katika nyumba ya kila mwanamke wa kikundi, hakuna aliyewahi kununua pilipili.

"Tulikula," alisema Bi Ungo.

Wifi akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa anatazama sakafu. "Mama mwishoni macho yake yalikuwa ya manjano," alisema. "Unakumbuka? Tumbo limemjaa, na macho ya manjano. Tukasema ni uzee."

Kopo lilikuwa juu ya rafu, mahali pake, limefunguliwa, na kijiko kilikuwa bado ndani. Sufuria ilikuwa inachemka. Nje wajukuu walikuwa wameshanawa mikono, wamekaa mkekani, na mkubwa wao alikuwa anauliza kwa sauti kama chakula kimeiva.